Shikamoo Isiyoitikiwa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala alichofunikiwa mezani, kisha akatoka uani kuanua nguo. Mama yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa, na kamba zake zilivuka ua wote kutoka ukuta huu hadi ule, kiasi kwamba mgeni akiingia ilimbidi ainame kama anayesalimia mashuka. Chiriku aliipenda kazi ile. Alijua shati la nani limechuja rangi na suruali ya nani imechakaa magotini, na yote hayo aliyasimulia huku akikunja, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikiliza.

Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hata mchungaji alishalisahau. "Huyu akinyamaza," mama yake alipenda kusema, "nitajua ana homa."

Katika chumba cha mwisho cha ua ule alihamia mama mmoja mzee, fundi wa kushona. Alikuja na kitanda, sanduku na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Cherehani aliiweka chini ya dirisha ili apate mwanga, akafunga pazia la mlango kwa kamba ili watu waone kwamba yupo kazini. Watu wazima walimwita Bibi Fundi. Watoto nao walimwita hivyo mwanzoni. Baadaye wakambandika jina jingine, Bibi Maringo, na jina hilo lilitokana na shikamoo.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya mlango wake. Watoto walisimama pale kila asubuhi, wakauona mgongo wake umeinama, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, bibi."

Kimya. Cherehani ikaendelea kuguna.

Mtoto aliyelelewa anajua kwamba shikamoo hurudi na marahaba, kama mpira uliorushwa ukutani. Isiporudi, aliyeitoa hubaki kama mtu aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani. Walivumilia kwa wiki kadhaa. Kisha Mapengo, rafiki yake Chiriku, ambaye meno yake mawili ya mbele yalibaki kwenye ngazi za shule, akatangaza msimamo.

"Mimi sisalimii tena. Kama ni kusalimia ukuta, wa kwetu upo."

Tangu siku hiyo walipita mlangoni pale kimya, wakishikana mikono kuzuia kicheko.

Wakubwa nao walikuwa na yao. Jirani mmoja muuza mboga alitoka kwa Bibi Fundi akiwa na gauni mkononi na hasira kichwani. "Nimemwambia mifuko," alilalamika kwa mama Chiriku. "Tia mifuko, niweke chenji yangu. Yeye kanifupishia. Namuuliza, ananijibu, si ulitaka fupi? Gauni fupi mimi, na umri huu? Nikiingia nalo kanisani mchungaji atasahau mahubiri."

Mama Chiriku alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Mimi nilimpelekea uji siku zile alipohamia. Nikapiga hodi tatu, sikuitikiwa. Nikarudi na uji wangu. Mtu asipokukaribisha, huwezi kumwingilia."

"Anajisikia," jirani alisema.

Basi likawa hivyo.

Jumapili moja, baada ya ibada, watoto wa kwaya walibaki kanisani kufanya mazoezi. Mwalimu wao siku nyingine zote alikuwa fundi wa baiskeli, na kwa sababu hiyo walimwita kwa utani Mwalimu Spoki. Alikuwa ameweka kifurushi cha kitambaa cha buluu juu ya benchi.

"Kanisa limetupatia hiki," alisema. "Mwezi ujao mtaimba mkiwa mmevaa sare, si kila mtu na rangi yake kama kuku wa mnadani. Nimefikiri tumpe Bibi Fundi atushonee. Ni mwenzetu, anakaa benchi la mbele kila Jumapili."

"Anakaa mbele aonekane," Mapengo alinong'ona.

Chiriku alisimama bila kunyoosha kidole. "Mwalimu, yule bibi ana maringo. Mimi nakaa naye ua mmoja. Haitikii hata shikamoo. Tukienda kupimwa atatufukuza. Na akishona, anashona anavyotaka yeye. Muulize muuza mboga."

Wenzake waliitikia kama kiitikio cha wimbo: ndiyo, ni kweli, haitikii.

Mwalimu Spoki alikuna kidevu. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mwalimu."

"Basi," alisema kwa masikitiko. "Jumamosi nitakipeleka kwa fundi wa barabara ya soko. Sitaki watoto wavunjwe moyo."

Chiriku alirudi nyumbani akijiona mtu wa maana. Neno lake lilikuwa limesikilizwa.

Jumatano alasiri mvua ilikuja bila kupiga hodi. Kulikuwa na desturi uani pale: anayeiona kwanza hupaza sauti, na kila mwenye nguo hutoka mbio. Chiriku aliiona kwanza, kama kawaida yake.

"Mvua hiyo, jamani. Anueni."

Milango ilifunguka, kandambili zikapiga makofi sakafuni, watu wakagongana kwenye kamba. Mama yake alikuwa amekwenda kurudisha nguo za wateja, hivyo Chiriku alianua zote peke yake, akazitupa ndani kwa mafungu. Alipotazama tena, zilibaki nguo chache kwenye kamba ya mwisho: vitambaa viwili na gauni jeupe. Zilikuwa za Bibi Fundi. Mlango wake ulikuwa wazi, lakini yeye hakutoka.

"Ziache," alisema Mapengo, aliyekuja kunakili hesabu za shule na sasa amejibanza chini ya paa. "Si umeita hadi kuku wamekimbia? Kasikia huyo. Ziloe, ajue kazi ya majirani."

Upepo ulilizungusha gauni mara mbili, kibanio kikaruka, na pindo likaanza kuburura kwenye matope. Mtoto wa dobi hawezi kutazama kitu kama hicho. Tusimpambe: Chiriku hakutoka kwa kumpenda Bibi Fundi. Alitoka kwa kulihurumia gauni.

Alikumbatia nguo zote kifuani, akasimama mlangoni pale akichuruzika maji.

"Hodi."

Mgongo haukugeuka. Gurudumu la cherehani lilizunguka.

"Hodi, bibi."

Hakuna kitu.

"Hodi humu ndani."

Hodi ya tatu ikipita bila karibu, mwenye adabu huondoka. Chiriku alifundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Aligeuka aende zake, lakini angeziweka wapi nguo zile? Chini kulikuwa na tope, na juu kulikuwa na mvua. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Aliingia katika nyumba ya mtu bila kukaribishwa, akanyoosha kidole, akamgusa mwenye nyumba begani.

Bibi Fundi alishtuka hadi mguu ukaruka kutoka kwenye pedali na uzi ukakatika. Aligeuka, mkono kifuani.

"Samahani, bibi, nimepiga hodi, mvua inanyesha, gauni lilikuwa linaingia matopeni, ndipo nikaanua, sasa sikujua niweke..." Chiriku alisema yote hayo nyuma ya rundo la nguo.

"Teremsha nguo," alisema Bibi Fundi. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. "Zimekuziba mdomo. Siwezi kuona unachosema."

Kuona unachosema. Chiriku aliweka nguo kitandani taratibu huku maneno hayo yakimzunguka kichwani. Akarudia habari yake. Macho ya Bibi Fundi yalifuata midomo yake, kama mtu anayesoma huku ameweka kidole chini ya mstari. Alipomaliza, bibi alitazama dirishani.

"Kumbe inanyesha," alisema.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba Chiriku mwenyewe hakuisikia sauti yake.

"Bibi," alisema polepole, "husikii mvua?"

Mzee alilichukua gauni, akakagua pindo, akalikamua nje ya dirisha. Kisha akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Umeshaingia, umeshaona. Homa ilinilaza kabla sijahamia huku. Nilipoinuka, masikio hayakuinuka nami. Mtu akinitazama uso kwa uso, naokota maneno mengi. Mengine yananipita."

"Kama mifuko," Chiriku alisema.

"Kama nini?"

"Mi-fu-ko. Gauni la muuza mboga. Hakusema fupi."

Bibi Fundi alifumba macho. "Masikini. Nami nilimshangaa, mtu mzima yule anataka fupi." Alitaka kucheka, kicheko kikamwishia njiani. "Sasa niambie na wewe. Nyie watoto niliwakosea nini? Nikigeuka nawaona migongo yenu tu, mnapita huku mnacheka. Tangu nimehamia hapa hakuna mtoto aliyenipa shikamoo. Nikajiambia, hawa hawakufundishwa."

Chiriku alihisi uso unamwaka. "Tulikupa, bibi. Kila asubuhi tulikupa. Tulikupa mgongoni."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake hana adabu, na wote wawili walikuwa na adabu tele.

"Haya," Bibi Fundi alisema mwishowe. "Tumeyajua tumechelewa. Cherehani hii imepata mnunuzi. Jumamosi anakuja kuichukua. Mimi nitakwenda kwa mdogo wangu, nikakae."

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kuwekwa kitini na kuletewa sahani, na mikono hii bado inashona. Lakini kazi haiji. Watu wanasimama mlangoni, wanaondoka, nami sijui kama walikuja. Nilimwona mwalimu wenu kanisani akisema watoto watashonewa sare. Kanisa letu halina fundi mwingine. Nikasema, Bwana amenikumbuka. Nikangoja. Hakuna aliyekuja."

Chiriku alitazama sakafu. Hapo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. "Ni mimi, bibi," alisema.

"Inua uso. Sikuona."

Akauinua. "Ni mimi niliyesema usipewe. Nilimwambia mwalimu una maringo."

"Polepole. Nini?"

Kosa likisemwa haraka huwa jepesi. Likisemwa polepole, huku mtu anakutazama mdomoni, kila silabi ina uzito wake. Chiriku alirudia neno kwa neno, hadi mwisho, na machozi yalianza kumtoka kabla hajamaliza.

Bibi Fundi alimpa kipande cha kitambaa ajifute. "Ulisema ulichokiona," alisema. "Ila ulikitazama kwa nyuma."

"Nitamwambia mwalimu kwamba husikii. Nitawaambia wote. Nitakimbia sasa hivi."

"Hutamwambia mtu." Sauti ilikuwa kali. "Nilikotoka walipojua, waliacha kuleta kazi. Walisema fundi kiziwi utamwagiza shati akupe suruali. Watoto walikuwa wakinijia kwa nyuma na kupiga debe waone kama nitashtuka. Ndiyo sababu nilihama. Habari hii ni yangu, mjukuu wangu. Nikitaka itoke, nitaitoa mwenyewe. Niahidi."

Chiriku aliahidi. Halafu, kwa kuwa hakuweza kukaa bila kusema jambo lolote, akauliza, "Lakini bibi, kwa nini umeupa mlango mgongo?"

"Nafuata mwanga wa dirisha."

"Mwanga hauwezi kukujia ubavuni?"

Bibi Fundi alilitazama dirisha, akautazama mlango, akaitazama cherehani yake kama mtu anayekutana nayo mara ya kwanza. Waliisogeza pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakapumzika, wakasogeza tena. Ilipotulia, mwanga uliingia kutoka kushoto, na aliyeketi pale aliutazama mlango wazi na ua wote mbele yake.

"Nimekaa kama mlinzi," alisema Bibi Fundi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Chiriku kumwona akicheka.

Jioni hiyo mama yake alimgusa shingoni mara mbili kupima joto, kwa sababu mtoto alikula bila kusimulia chochote.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Spoki. Alimkuta amepindua baiskeli, magurudumu juu, mikono yake imejaa grisi.

"Mwalimu, nimekuja kufuta neno langu la Jumapili. Bibi Fundi hana maringo."

"Kumbe anaitikia shikamoo?"

"Haitikii. Lakini si maringo."

"Basi ni nini?"

Chiriku alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu, nalo lingemaliza kazi yote. Akaufunga.

"Nimeahidi nisiseme."

Mwalimu aliacha gurudumu lizunguke lenyewe hadi likasimama. "Chiriku ameshika ulimi," alisema. "Basi jambo si dogo. Sikuulizi zaidi. Ila nikuambie kitu. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe ulijikwaa mbele ya kwaya nzima. Huwezi kuja kunyanyukia hapa gereji, mimi na wewe na baiskeli. Kesho kuna mazoezi. Utasema kesho."

"Watanicheka."

"Watakucheka," mwalimu alikubali, akarudi kwenye mnyororo wake.

Na walimcheka. Ijumaa, Chiriku alisimama mbele ya wenzake kanisani, akasema kwamba Jumapili alisema uongo bila kujua ni uongo, na kwamba Bibi Fundi hana maringo.

"Amekupa nini?" Mapengo aliuliza. "Kakushonea leso?"

"Hajanipa kitu."

"Basi tuambie kwa nini haitikii."

"Sisemi."

"Chiriku hasemi," Mapengo aliwatangazia wenzake. "Mwalimu, muwahishe hospitali."

Kanisa zima likacheka, hata mwalimu akageuza uso. Chiriku alingoja kicheko kiishe. Alikuwa na majibu makali matatu, yote mazuri, akayameza moja baada ya jingine.

"Ninaomba jambo moja," alisema. "Twende kwake sasa. Tusimame mbele yake, si pembeni, wala nyuma. Mbele, atuone. Tumsalimie. Asipoitikia, mniite mimi Bibi Maringo mpaka nizeeke."

Mapengo hakuweza kuikataa bahati kama hiyo. Waliondoka wote, mwalimu akifuata nyuma na kifurushi cha buluu kwapani.

Walipoingia uani, Bibi Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Aliona kundi la watoto likija moja kwa moja mlangoni kwake, na mikono yake ikaacha kitambaa. Hakujua wanakuja kwa heri au kwa shari. Chiriku aliiona hofu ile, akajua imetoka wapi. Alitangulia mbele, akasimama kwenye mwanga, akatamka kila herufi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akitazamwa usoni. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Zamu ya Mapengo ilipofika, alisema yake chini chini huku ameinamisha kichwa, na Bibi Fundi hakujibu.

"Mmeona?" Mapengo aliwageukia wenzake, ingawa sauti yake haikuwa na furaha aliyoitarajia.

Chiriku alimshika kidevu, akamwinua uso. "Sema tena. Na meno yako yote, hata yasiyokuwepo."

"Shikamoo, bibi," Mapengo alisema.

"Marahaba, binti. Wewe ni mrefu. Nguo yako itakula kitambaa."

Watoto walitazamana. Bibi Fundi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akamwangalia Chiriku, akayaona midomoni mwake hayo ambayo hayakusemwa. Alijua kwamba ahadi imeshikwa. Aliweka mkasi chini.

"Nawaambia mwenyewe," alisema. "Masikio yangu yamestaafu. Macho bado yapo kazini. Mwenye neno nami anitazame, aseme taratibu, tutaelewana. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana nikianza kupima sitaki mtu atikisike."

Hakuna aliyecheka. Mapengo alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. "Bibi," alisema, kisha akakumbuka, akainua uso na kuanza upya. "Bibi, zile asubuhi zote tulizopita hapa..."

"Najua, binti. Mlinipa mgongoni. Zimefika sasa."

Mwalimu Spoki alivua kofia, akapita mbele, akaweka kifurushi juu ya meza. "Mama," alisema, akitazamwa mdomoni, "tulikosea njia. Kazi hii ni yako, kama bado una nafasi."

Bibi Fundi alikifungua kifurushi, akapima kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Kinarudi hiki kikifuliwa, kinapungua," alisema. "Lazima kilowekwe kabla sijakikata. Nani ana kamba ya kuanikia?"

Jumamosi mnunuzi wa cherehani alifika, kijana na mkokoteni wake. Chiriku alikuwa mlangoni, ameshika utepe wa kupimia. Bibi Fundi alimkaribisha, akamkalisha kwenye kigoda, akamweleza kwamba cherehani haiuzwi tena na anamwomba radhi kwa safari yake. Kijana alinuna. Aliinuka aondoke, na walipomtazama kwa nyuma wakaona suruali yake imefumuka mshono kutoka kiunoni kwenda chini. Bibi Fundi alimrudisha, akamfunga khanga kiunoni, akaishona suruali pale pale. Kijana aliondoka na mkokoteni mtupu na heshima yake yote.

Jioni, vitambaa vya buluu vikiwa vimejaa kwenye kamba, mama Chiriku aliketi ngazini akimsaidia binti yake kukunja mashuka. Alikwisha kusikia yote kutoka kwa muuza mboga, ambaye naye alikuwa amerudisha gauni lake kwa Bibi Fundi litiwe mifuko na kuongezwa pindo.

"Mama," Chiriku alisema, "mbona hukuniuliza, uliponiona kimya?"

"Nilijua kuna kitu kizito umekibeba. Nikaona umekibeba vizuri, nikakuacha." Mama alilainisha pindo la shuka kwa kiganja. "Mimi nimekuwa nikimwombea bibi yule, mwanangu. Kila usiku namtaja: Bwana, mlainishe moyo jirani yangu mwenye majivuno. Namwombea kwa kosa ambalo hakuwa nalo. Na kutoka mlango wangu hadi wake hapajai hata kamba moja ya nguo."

"Ulipeleka uji."

"Nikapiga hodi tatu, nikarudi na dhamiri safi. Hodi ni adabu, na wewe usije ukaanza kuingia nyumba za watu ovyo. Lakini adabu inaweza kuishia mlangoni. Upendo hauishii hapo. Ukiona jirani haitikii, usiende kusema ana maringo. Uliza kwanza, ana nini? Bwana Yesu alipoletewa kiziwi, hakumponya mbele ya umati wa watu. Alimtenga kando kwanza, wakawa wawili tu, akamgusa. Na wewe ulimgusa, kisha ukamtunzia aibu yake hadi akaitoa mwenyewe. Jirani tunamwombea kwa magoti, Chiriku, lakini tunamfikia kwa miguu. Magoti bila miguu hayampelekei mtu uji."

Chiriku alishika pembe mbili za shuka, mama akashika mbili. Walilivuta likanyooka, wakalikunja, wakakutana katikati.

"Basi nipe huo uji niupeleke," alisema.

"Hapana," mama alijibu, akainuka na kujikung'uta. "Huo wa leo ni wangu. Wewe nifundishe tu nisimame wapi."